Nissan Leaf iliyotumika kwa mkazi wa Dar: betri, joto na LUKU vinanitia shaka

Mama wa Goba (Dar es Salaam)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa watu waliowahi kuishi na gari la umeme, kwa sababu hapa nilipo kila ninayemuuliza hunijibu kwa mambo ya kusikia. Ninaishi Goba na ninafanya kazi Posta. Nikijumlisha kuwashusha watoto shuleni na kupitia sokoni jioni, ninatembea takriban kilomita 60 kwa siku, nyingi zikiwa ndani ya foleni. Toyota IST yangu, kwa mwendo huo wa kusimama na kuondoka, haizidi kilomita 12 kwa lita moja, kwa hiyo ninateketeza lita 5 kila siku ya kazi. Lita ikiwa inazunguka shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 15,000 kwa siku na 390,000 kwa mwezi wa siku 26, ilhali mshahara wangu haujawahi kupata habari za bei ya kituoni.

Katika tovuti za wauzaji wa magari yaliyotumika kutoka Japani nimeona Nissan Leaf za mwaka 2014 hadi 2016 ambazo bei yake ya huko inakaribiana na ya IST. Badala ya kufurahi nimeingiwa na wasiwasi, maana rahisi ghali. Ningependa kujua betri inahimili vipi joto la huku kwetu, kama soketi ya kawaida ya nyumbani inatosha kuchajia, na LUKU yangu, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, itamezwa kiasi gani. Kuna na swali la binti yangu wa kidato cha tatu, ambalo sikuweza kulijibu mezani wakati wa chakula: iwapo sehemu ya umeme wetu inazalishwa kwa gesi, je, tutakuwa tumeupunguza moshi au tumeuhamishia Ubungo kwenye mitambo ya gesi?

Kipanga wa Kikuyu (Kenya)

Dada, salamu kutoka huku kwenye baridi. Ninaendesha Leaf ya mwaka 2014 yenye betri ya kilowati-saa 24 (yaani uniti 24 za umeme) tangu mwaka 2021, kutoka Kikuyu hadi Upper Hill na kurudi, kwa hiyo nitasema niliyoyaona kwa macho yangu.

Bei hiyo iliyokutia wasiwasi ina sababu, na sababu yenyewe ni betri. Anayenunua gari la petroli huchungulia kilomita zilizotembewa, husikiliza injini na kuijaribu gia boksi. Katika Leaf hayo ni mambo madogo, kwani mota haina oili ya kubadilisha wala plagi za kusafisha, na hata breki hudumu miaka mingi kwa kuwa gari linapopunguza mwendo huitumia mota kurudisha umeme kwenye betri. Betri ikichoka, hata hivyo, gari zima linabaki kabati la kuhifadhia viatu.

Pembeni mwa kipimo cha chaji kwenye dashibodi kuna vijiti 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kijiti cha kwanza hupotea uwezo unaposhuka hadi takriban asilimia 85 ya ule wa awali, na kuanzia hapo kila kijiti ni kama asilimia 6, kwa hiyo gari lenye vijiti 9 limekwisha kupoteza zaidi ya robo ya betri yake. Gari kama langu, lilipokuwa jipya, lilipimwa huko Marekani likapewa kilomita 135 kwa chaji moja. Lile la kilowati-saa 30 lililokuja na toleo la mwaka 2016 lilipewa kilomita 172. Na la kizazi cha pili lenye 40 lilipewa takriban 243. Punguza robo kwenye 135, utabaki na karibu kilomita 100. Kwa safari yako ya 60 zinatosha, lakini siku utakayopigiwa simu uende Bagamoyo msibani ukitokea kazini utalazimika kuazima gari la shemeji.

Vijiti vyenyewe pia usiviamini kwa asilimia mia. Kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu, vijiti vyote 12 vikarudi kwa muda, na ukweli ukajitokeza wiki kadhaa baadaye pesa zikiwa zimeshalipwa. Jirani yangu aliuziwa gari la vijiti 12 mwezi wa Oktoba, na kufikia Krismasi lilikuwa na 9. Muuzaji alimwambia kwamba ni baridi ya Limuru! Mtake muuzaji wako achomeke kile kifaa kidogo cha bluetooth kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, afungue programu ya LeafSpy inayosoma taarifa za betri, kisha akurekodie video ya gari likiondoka na chaji kamili na kutembea angalau kilomita 30 huku asilimia zikionekana zinavyoshuka. Kumbukumbu hufutika, lakini betri iliyochoka haiwezi kujificha barabarani.

Kuhusu joto una haki ya kuogopa. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji wala kwa feni. Inategemea hewa inayopita chini ya gari, na hewa ikiwa ya moto nayo inakuwa ya moto. Mwaka 2012 wenye magari haya katika jiji la Phoenix, jimbo la Arizona, walilalamika kwamba vijiti vilikuwa vikipukutika kabla ya wakati, na baadaye Nissan ilibadilisha mchanganyiko wa kemikali ili betri ivumilie joto zaidi. Kwa mtu wa pwani, iwe Dar au Mombasa, mimi nisingegusa gari lililotengenezwa kabla ya mabadiliko hayo. Ningeanzia toleo la mwaka 2015, na mfuko ukiruhusu ningechukua lile la 30. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari na usiku wetu ni wa blanketi, na bado betri yangu iliyofika ikiwa na asilimia 84 leo ina 73.

Mlima nao una hesabu yake. Mara moja niliamua kuteremka hadi Mai Mahiu kwa barabara ya chini ya bonde. Kwenye mteremko ule nilikuwa nimeondoa mguu kwenye pedali, malori yananguruma mbele yangu kwa gia ndogo na breki zao zinanuka, na kipimo changu kikapanda kutoka asilimia 61 hadi 63. Nilijiona mjanja. Jioni, wakati wa kurudi, kipande kilekile kilikula asilimia 18, na nikafika nyumbani nimezima redio, taa za ndani na maongezi.

Nimalizie na betri ya pili, ile ndogo ya volti 12 ambayo wengi huisahau. Hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta za gari. Ikifa, betri kubwa hata ikiwa imejaa pomoni, gari haliwaki. Yangu ilikufa saa kumi na moja alfajiri, siku niliyokuwa na mtihani wa kusimamia. Ni betri ya kawaida ya dukani, kwa hiyo ipime kila mwaka na uibadilishe kabla haijakuaibisha.

Fundi Umeme Tabata (Dar es Salaam)

Mama wa Goba, Kipanga amemaliza upande wa gari, nami nitashika upande wa nyumba, kwa sababu huko ndiko nilikokuta hatari.

Mwaka jana niliitwa kwa mteja wa Mbezi aliyekuwa akichaji kwa kupitisha ekstensheni dirishani, na ile iliyobaki ameizungusha kama kamba ya kuanikia nguo na kuifunika kwa turubai ili isinyeshewe. Nilipoifunua, ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuweza kuishika kwa kiganja, na uso wa soketi ya ukutani ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia, plastiki ikinuka. Pasi ya umeme huvuta mkondo mkubwa kwa dakika chache kisha hupumzika, ilhali gari huvuta ampea 10 au zaidi kwa saa nyingi mfululizo, na hapo kila kiungo kilicholegea hujitangaza. Fundi akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye sakiti breka, waya wa milimita 6 za mraba, soketi imara, kikata umeme kinachohisi uvujaji, na kabla ya yote akupimie ardhi (earth) ya umeme. Nyumba nyingi za huku zina ile fimbo ya shaba kwa jina tu. Imezikwa kwenye mchanga mkavu na haifanyi kazi yoyote, na chaja za magari haya mara nyingi hukataa kabisa kuanza zisipoiona ardhi. Watu hulaumu gari bure.

Jambo jingine ni kebo. Magari ya soko la Japani huja na kebo iliyotengenezwa kwa umeme wa huko, volti 100 au 200, yenye plagi isiyoingia kwenye soketi zetu. Usimruhusu mtu aikate na kuifunga plagi ya hapa, kwani umeme wetu ni wa volti 230. Nunua kebo ya volti hizo ambayo upande wa gari inaingia kwenye Leaf ya Japani, na iwe ile inayokuruhusu kuchagua ampea 8 au 10.

Sasa LUKU. Leaf katika mwendo wa mjini hutembea kilomita 6 hadi 7 kwa uniti moja. Kilomita zako 60 zinahitaji uniti 9 na kidogo, na ukiongeza zinazopotea wakati wa kuchaji utanunua kama 10 na nusu. Kwa shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni takriban shilingi 3,700 kwa siku mahali pa 15,000, au 97,000 kwa mwezi mahali pa 390,000. Kwa ampea 10 ni karibu saa tano za kuchaji, kwa hiyo ukiunganisha saa tano usiku, alfajiri saa kumi limemaliza.

Wengi hawaambiwi jambo hili: kama nyumba yako iko kwenye lile kundi la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ambalo hulipa shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi, gari litakutoa humo mwezi wa kwanza tu, na hapo jokofu, taa na pasi vyote vitahesabiwa kwa 356. Anayetumia uniti 60 za nyumbani ataongeza kama shilingi 14,000 kwa mwezi juu ya zile za gari. Faida bado ni kubwa, ila ni vizuri kuijua kabla ya kuanza kugombana na watu wa mita.

Na kwa binti: mwambie achukue kalamu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa hiyo lita zenu 5 ni kilo 11.5 kila siku, mbali na moshi unaowaingia wapita njia puani. Tuchukue hali mbaya kabisa, kwamba kila uniti mnayonunua inatoka kwenye mtambo wa gesi: uniti moja kutoka kwenye mtambo mzuri wa gesi hutoa kama nusu kilo, kwa hiyo uniti 10 na nusu ni kilo 5 na ushei, chini ya nusu. Lakini hali si hiyo tena, kwa kuwa bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na limebadilisha kabisa uwiano wa maji na gesi katika gridi yetu. Jirani zetu wa Kenya, wenye mvuke wa ardhini wa Olkaria na upepo wa Turkana, wako mbele zaidi. Kwa hiyo jibu lake ni kwamba moshi kidogo umehamia Ubungo, na mwingi haupo.

Mzee wa Mtungi (Dar es Salaam)

Mnazunguka mbali. Mama, chukua IST hiyohiyo uliyonayo, weka mfumo wa gesi asilia, mtungi ukae nyuma, na gharama yako ya mafuta itapungua zaidi ya nusu bila kuagiza chochote wala kulipa ushuru wa gari lingine. Nimefanya hivyo na teksi yangu na sijajuta. Nakiri foleni za kwenye vituo vya kujazia gesi ni adhabu, nimewahi kukaa saa tatu, na buti limebaki la kuwekea mwavuli tu. Lakini nikiishiwa gesi ninabonyeza swichi na kuendelea kwa petroli hadi Morogoro. Leaf yenu hiyo Chalinze itafika?

Mwana wa Lualaba (Lubumbashi)

Nimesoma yote kwa makini, na ninaomba niongeze upande ambao ninyi mnauona kwenye dashibodi na sisi tunauona ardhini. Karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka kwetu Kongo, hasa eneo la Kolwezi. Katika mtaa wa Kasulo, baada ya watu kugundua mwaka 2014 kwamba madini yako chini ya nyumba zao, walichimba mashimo ndani ya nyua na hata ndani ya vyumba vya kulala, wakining'iniza turubai za rangi ya chungwa kuyafunika. Nina ndugu waliolishwa na mashimo hayo, na ninao waliofukiwa nayo. Kwa hiyo ninaposoma kwamba gari fulani ni safi, huwa ninauliza ni safi kuanzia wapi.

Hata hivyo, simwambii mama asinunue. Betri za kizazi cha kwanza cha Leaf zilijengwa zaidi kwa manganizi na kobalti yake ni kidogo, na gari ambalo limeshatembea miaka 10 halimtumi mtu yeyote kushuka shimoni leo. Mabasi na magari mengi mapya kutoka China hutumia betri za chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti hata chembe. Tena viwanda vya kusafishia mafuta navyo hutumia kobalti kuondoa salfa, jambo ambalo wauza petroli hawalitaji. Serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje Februari 2025 na baadaye ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Yaani hata sisi tunataka madini haya yawe na thamani, kuliko yasinunuliwe kabisa. Ombi langu kwenu ni moja: betri itakapochoka, isitupwe jalalani Pugu. Ile ya kilowati-saa 24 ina vipande 48 vinavyofunguka kimoja kimoja. Vilivyochoka hubadilishwa, na vilivyo hai huweza kuhifadhi umeme wa jua nyumbani kwa miaka mingine.

Kipanga wa Kikuyu (Kenya)

Kwa Mzee wa Mtungi: Chalinze ingefika, ila ingelala huko. Leaf ni gari la mtu anayelala nyumbani kwake kila siku, na anayesafiri mikoani kila wiki asidanganywe. Tundu lake la kuchaji haraka ni la mfumo wa CHAdeMO, ambao watengenezaji wengi wameuacha, kwa hiyo hata vituo vya kuchajia vikiongezeka huenda visiwe na plagi yake. Kwa teksi yako ninakubaliana nawe kabisa, ingawa kwa bodaboda nisingekubaliana: Kigali tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa ni za umeme, na dereva hubadilisha betri kituoni kwa dakika chache bila kukaa foleni ya saa tatu.

Mama wa Goba (Dar es Salaam)

Ninawashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake, na Mwana wa Lualaba pokea pole yangu kwa ndugu zenu.

Nimezipitia hesabu upya na binti. Nyumba yangu ilikuwa kwenye kundi la bei ndogo, jambo ambalo sikulijua hadi nilipoitazama risiti ya LUKU baada ya kusoma hapa, kwa hiyo akiba yangu halisi ni kama shilingi 280,000 kwa mwezi. Gari la mwaka 2014 nimeliondoa kwenye orodha kwa sababu ya joto, na pia kwa sababu limezidi miaka 10, umri ambao ushuru wa uchakavu hupanda kwa mara ya pili. Limebaki moja la mwaka 2016 lenye betri ya 30 na vijiti 11. Niliwaandikia wauzaji wawili nikaomba video ya kilomita 30 kama Kipanga alivyoelekeza. Wa kwanza alinijibu kwamba huduma hiyo hawana. Wa pili, mwenye gari hilo, aliituma baada ya siku mbili, na gari lilitoka asilimia 100 hadi 79 kwa kilomita 31.

IST sitaiuza kwa sasa. Itabaki kwa safari za Tanga kwa wazazi, na Mzee wa Mtungi ameshanishawishi nusu. Fundi wa Tabata, nimekutumia ujumbe. Nyuma ya nyumba yangu ni mchanga mtupu, kwa hiyo njoo na kipimo chako cha ardhi kabla sijamlipa mtu yeyote.